Usinunue Ploti ya Marehemu Kabla ya Mirathi

Mwana wa marehemu hana ploti ya kukuuzia mpaka mahakama iwe imethibitisha nani anarithi nini. Nalisema hili mapema kwa sababu anayetafuta mahali pa kujenga vyumba vya kupangisha karibu na Chuo Kikuu cha Rongo, au pembezoni mwa mji wa Homa Bay, mara nyingi huonyeshwa kipande cha shamba la familia ambalo bado limeandikwa jina la babu aliyekwisha kufa. Ukifanya sachi katika ofisi ya ardhi utaliona jina hilo. Sheria ya Urithi, Sura 160, kifungu cha 82, inamkataza hata msimamizi aliyeteuliwa na mahakama kuuza ardhi ya marehemu kabla hati yake ya usimamizi haijathibitishwa. Kifungu cha 45 kinakwenda mbali zaidi: anayeuza au kushika mali hiyo bila idhini ya sheria anatenda kosa, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mnunuzi anayeingia na kuanza kuchimba msingi naye yumo hatarini.

Wapo watakaosema wazee wa ukoo walikaa, chifu akashuhudia, na fedha zikahesabiwa mbele ya watu. Ushahidi huo una thamani yake, kwa kuwa unaweza kukusaidia kumdai aliyepokea fedha zako. Lakini barua ya chifu kazi yake katika mirathi ni kuieleza mahakama warithi ni akina nani. Haiwezi kuhamisha umiliki. Wengine hutegemea mila, kwamba mabinti walioolewa hawana sehemu, hivyo sahihi za ndugu wa kiume zatosha. Hapo ndipo wanunuzi wengi huumia. Sheria iliziachia mila ardhi ya kilimo katika wilaya chache zilizotajwa, Turkana na Narok zikiwemo, na eneo la Migori na Homa Bay halimo. Huku watoto wote wa marehemu ni warithi sawa, binti aliyeolewa Kendu Bay sawa na kaka aliyebaki bomani, na mmoja tu aliyerukwa anaweza kwenda mahakamani nyumba yako ikiwa imeshaezekwa. Mjane naye, hata baada ya hati kuthibitishwa, hawezi kuuza ardhi anayoitumia kwa haki ya maisha bila idhini ya mahakama.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba mirathi huchukua muda na fedha. Ni kweli, ila si kwa kiasi kinachohofiwa. Maombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na wenye pingamizi hupewa siku 30. Hati ikishatolewa, uthibitisho huombwa baada ya miezi sita, na mahakama inaweza kuufupisha muda huo warithi wote wakijulikana. Mahakama ya hakimu husikiliza mirathi ya thamani ya hadi shilingi milioni 20 mbele ya hakimu mkuu, kwa hiyo familia nyingi za kawaida hazina haja ya kwenda Mahakama Kuu. Kungoja miaka 12 ili udai ardhi kwa kuikalia ni njia mbaya zaidi: lazima uthibitishe uliikalia mfululizo, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, na kesi ya warithi inaweza kuja kabla miaka hiyo haijatimia.

Basi, kabla ya kutoa hata arubuni, omba nakala ya hati iliyothibitishwa pamoja na orodha ya mgawanyo, na hakikisha anayekuuzia yumo na kipande unachoonyeshwa kimo katika fungu lake. Hati miliki ikishatoka kwa jina lake, pata kibali cha mwenzi wake, na kama ni ardhi ya kilimo, ombeni idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ndani ya miezi sita ya mkataba. Kama ulishanunua mapema, usijifiche. Isaidie familia kufungua mirathi sasa, kwa sababu warithi wote wakikubali, mahakama inaweza kugawa shamba ili kipande chako kitoke katika fungu la yule aliyekuuzia.