Gari lililotumika likifa baada ya kununuliwa: Hasara ni ya nani?

MJI wetu wa Karatu unaishi kwa barabara. Magari yanayobeba wageni kutoka Arusha, umbali wa kama kilomita 140, hupita hapa kwenda lango la Lodoare na kuingia Ngorongoro. Vijana wetu wengi ni madereva, mafundi na wapishi wa safari, na kila anayejaliwa mtaji kidogo ndoto yake ni Land Cruiser ya kwake mwenyewe. Jipya haliwezi. Kwa hiyo hununua lililokwishatumika, ama lililoletwa kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, ama lililochokea mikononi mwa watembeza watalii.

Hapo ndipo unapoanza ugomvi ambao mimi na wazee wenzangu tunaletewa baada ya swala. Gari limekufa siku chache baada ya kununuliwa. Muuzaji anasema: "Uliliona, ukaliendesha, ukaridhika." Mnunuzi anasema: "Umeniuzia ubovu." Wasuluhishi nao, kwa kutaka yaishe haraka, huwaambia wagawane hasara nusu kwa nusu. Suluhu ni jambo la heri, ndugu msomaji, lakini suluhu isiyotanguliwa na kujua haki iko kwa nani aghalabu humdhulumu mnyonge.

Msingi wa mas'ala haya naweza kuueleza kwa maneno machache: dhambi hufuata kujua, na dhamana hufuata wakati kasoro ilipoanza. Watu wengi huyachanganya haya mawili. Muuzaji akisema "Wallahi sikujua", anadhani amekwishamaliza. Hajamaliza. Kutokujua kunamwondolea dhambi ya udanganyifu, lakini hakumwondolei dhamana. Ikiwa kasoro ilikuwamo kabla hajakabidhi gari, na mnunuzi hakuijua, mnunuzi ana haki ya kurudisha gari na kupewa fedha zake. Wanachuoni huiita haki hii khiyari ya aibu, yaani hiari inayotokana na kasoro.

Sisi wa huku tunakaa na wafugaji, hivyo mfano alioutoa Mtume (s.a.w.) hautupi taabu kuuelewa. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alikataza kumfunga chuchu ngamia au mbuzi ili maziwa yajae na mnunuzi adhani ndivyo anavyokamuliwa kila siku. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo alipewa hiari: akitaka abaki naye, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokamua. Sasa tazama gereji zetu. Kurudisha kilometa nyuma kwenye dashibodi ni kufunga chuchu. Kumwaga oili nzito ili injini iliyochoka isipige kelele siku ya mauzo ni kufunga chuchu. Kupaka rangi juu ya chesesi iliyoliwa na kutu ni kufunga chuchu. Anayefanya hivyo ameingia katika onyo la Mtume (s.a.w.) kwa yule mfanyabiashara aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya lundo kavu: mwenye kughushi si katika sisi. Wala hukumu haibadiliki kwa kuwa mnunuzi ni Mkristo au hana dini. Ghushi ni ghushi.

Hebu tupime kanuni hii kwa shauri lililotufikia. Kijana mmoja aliuza ng'ombe na kiwanja, akanunua gari kwa jirani yake wa msikiti mmoja. Akapeleka wageni kreta mara mbili, akalipwa. Siku ya tisa, akipanda kutoka kreta, gari likachemsha na kuzimika. Anayeijua kreta anajua mtihani wake: sakafu yake iko mita 600 hivi chini ya ukingo, na gari lililojaa watu hupanda kwa gia ndogo muda mrefu. Gari linaloonekana zima kwenye lami ya Rhotia huweza kuumbuka pale.

Mafundi wawili walifungua injini mbele ya pande zote mbili. Wakakuta silinda hedi ina ufa wa zamani uliowahi kuchomelewa. Muuzaji akaapa kwamba hakujua, naye alilinunua hivyo hivyo Arusha, na sisi tulimsadiki. Kisha akatoa hoja tatu. Kwanza, hakujua. Hilo tumekwishalijibu. Pili, injini imefunguliwa, hivyo gari si lile aliloliuza. Jibu la hoja hii limo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika darasa zetu za Kishafi: aliyevunja yai au nazi akakuta imeharibika hazuiwi kuirudisha, maana kasoro ile haijulikani bila kuvunja. Ufa wa ndani ya injini nao hauonekani bila kufungua.

Hoja ya tatu ndiyo iliyozua mabishano: alidai fedha za zile safari mbili, kwa kuwa gari linarudi kwake. Hapa pana kanuni iliyotokana na hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), kwamba mapato humwendea mwenye kubeba dhamana. Siku zile tisa, gari lingepinduka Lodoare, hasara ingekuwa ya kijana. Basi na faida ya siku zile ni yake. Muuzaji alirudisha bei kwa awamu walizoandikiana, akabaki na haki ya kumfuata aliyemuuzia yeye.

Wanunuzi wasishangilie mapema. Haki hii ina mipaka. Kasoro iliyoanza baada ya makabidhiano ni hasara ya mnunuzi. Kama angeona mshale wa joto umefika kwenye nyekundu akaendelea kukanyaga mafuta, asingekuwa na la kudai. Tairi na breki kuisha si kasoro katika gari la miaka 20, kwani bei yake ndogo imekwishazingatia uchakavu wa kawaida. Vilevile, katika madhehebu ya Shafi, kurudisha ni kwa haraka: aliyeigundua kasoro akaendelea kupakia wageni amejivua haki mwenyewe. Na pale ambapo haijulikani ufa ulianza lini, na mafundi wameshindwa kusema, neno ni la muuzaji kwa kiapo chake. Ikiwa gari limepata kasoro nyingine mpya mikononi mwa mnunuzi, hawezi kulilazimisha lirudi. Haki yake sasa ni fidia ya tofauti ya bei, isipokuwa wakubaliane vingine.

Wapo wanaodhani wamepata mlango wa kutokea kwa kuandika kwenye mkataba: "Limeuzwa kama lilivyo." Baadhi ya madhehebu yameipanua njia hii. Lakini kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kwamba sharti hilo humwokoa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, basi. Gari si mnyama. Imam Malik amepokea katika Muwatta kuwa Abdullah bin Umar aliuza mtumwa kwa sharti kama hilo, mnunuzi akalalamika kuna maradhi. Sayyidna Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba hakuyajua. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea mtumwa wake. Kama sahaba wa daraja ile hakujificha nyuma ya maneno ya mkataba, sisi madalali wa leo tunajificha nyuma ya nini?

Sheria ya nchi nayo tuijue. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamdai mfanyabiashara ubora wa anachokiuza, lakini haimlindi mnunuzi kwa kasoro ambayo ukaguzi alioufanya ulipaswa kuibaini. Ukinunua kwa mtu binafsi ambaye si mfanyabiashara wa magari, kinga hiyo hupungua sana, na mzigo wa kuchunguza ni wako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Hapa ndipo dini inapodai zaidi: jirani anayekuuzia gari lake moja tu analazimika kukutajia kasoro anayoijua, hata usipomuuliza.

Basi nawausia wanunuzi. Nenda na fundi wako, usipewe fundi na muuzaji. Fika injini ikiwa baridi, kwani iliyopashwa moto kabla hujafika huenda inafichiwa jambo. Chomoa kijiti cha oili: oili yenye rangi ya maziwa ni dalili ya maji kuingia. Linganisha namba ya chesesi na kadi ya gari. Lipandishe mlima kutoka Mto wa Mbu likiwa na mzigo. Kisha tumia hiari ambayo Uislamu umekupa na wengi wameisahau: sharti la siku tatu. Mkubaliane, muandikiane na kuweka mashahidi, kwamba ndani ya siku tatu unaweza kulirudisha. Muuzaji mwenye gari zuri hana sababu ya kuzikimbia siku tatu.

Na wauzaji nawaambia: itaje kasoro, upunguze bei, ulale. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Tena ufa ulionyamaziwa hapa Karatu unaweza kufunguka kwenye mteremko wa kreta, ndani ya gari mna dereva mwenye watoto na wageni sita. Hapo hakuna bei ya kurudishiana.

Wabillahi tawfiq.