Paa Hushikwa Kutoka Chini
Somo: Mathayo 7:24-27

Banda langu la kuku lilipendeza: mabati mapya, rangi safi. Lakini nguzo nilizisimamisha juu ya mawe tu, na juu ya paa nikaweka mawe mengine, nikidhani uzito utatosha. Upepo wa kabla ya mvua uliingia kwa ule upande wa waya, ukainua paa kutoka ndani. Jiwe moja lilianguka pale mtoto wa jirani hucheza. Siku hiyo hakuwa hapo. Nilienda kumwomba mama yake msamaha.

Tulipojenga tena, tulichimba mashimo ya futi mbili, tukamimina zege kuzunguka kila nguzo. Boriti tukaifunga kwa nguzo na bamba la chuma, kenchi kwa boriti, ndipo tukapigilia mabati. Upepo hausukumi tu, unanyanyua. Mahali pamoja pakilegea, paa linaenda.

Katika mfano wa Yesu, nyumba zote mbili zilipigwa na upepo. Tofauti ilikuwa chini. Mpendwa, sisi tunaona rangi yako tu. Wewe wajua nguzo zako zimesimama wapi. Zikague wiki hii, na za banda pia.