Maua ya Kudumu Penye Jua Kali

Swali: Nyumba yangu iko Muleba, mkoani Kagera, rweyani, yaani kwenye uwanda wa nyasi, mahali peupe pasipo kivuli, na kila Julai maua hunikaukia. Nipande nini kitakachodumu?

Jibu: Jua lisikushughulishe kupita udongo. Kwani udongo wa rweya, ambao mvua nyingi zimeuchuja rutuba hata ukabaki na uchachu, haufanani asilani na ule wa kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, uliolishwa samadi na nyasi kwa vizazi na vizazi. Basi chimba shimo pana, la kina cha dhiraa moja, ulijaze samadi iliyooza, kisha upande vuli inapoanza, Septemba au Oktoba, ili mizizi ipate mvua hiyo na ya masika kabla ya ukavu wa Juni hata Agosti.

Ama miche, mimi nausifu kwanza mbogonvilia: kata tawi gumu, unene wa kidole, ulichomeke lilale kidogo, na likishashika usilinyweshe mno, kwani mbogonvilia ulioshiba maji huzaa majani tele na maua haba. Ukingoni tia mshubiri, na mchaichai, ambao pamoja na kuzuia mmomonyoko hukupa chai yenye harufu njema. Asumini nayo itakubali, madhali umeizungushia nyasi kavu zisizogusa shina, kama wafanyavyo Wahaya migombani; lakini mshubiri usiufunike, huoza. Kana, kwa vile hupenda unyevu, iweke pale yamwagikapo maji ya jikoni, si kwingineko.