SOKO LA SAMAKI: Mjue usipa kabla ya kununua

Mfanyabiashara wa Matiri anayekusudia kufuata usipa Mbamba Bay au Liuli hana budi kuijua tabia ya dagaa huyu wa Ziwa Nyasa. Usipa huishi takriban mwaka mmoja tu, akila vijidudu vinavyoelea majini. Hivyo, kizazi kimoja kikiwa haba, hakuna samaki wa mwaka uliotangulia wa kuziba pengo, na bei hupanda. Huvuliwa usiku kwa taa. Penye mbalamwezi taa hazimvuti sana, na mzigo hupungua ufukweni. Ushauri: nunua siku za giza, hakikisha wamekauka sawasawa wasije wakaota ukungu, na usikope mtaji kwa kutegemea bei ya msimu uliopita.