Kupima Mikoko kwa Kipimo Kimoja

Kaunti ya Mombasa ina hekta 3,771 za mikoko kati ya hekta 61,271 za Kenya nzima, kwa mujibu wa Mpango wa Kitaifa wa Usimamizi wa Mikoko wa 2017–2027. Mikoko hii huzuia mmomonyoko wa fuo kuanzia Mtongwe na Port Reitz hadi Junda, na ndimo samaki na kamba wadogo wanamokulia. Hata hivyo, takwimu ya msitu hutegemea kile ambacho mpimaji amekiita msitu.

Nchi jirani, vigezo tofauti

Katika ripoti za kimataifa, Kenya huita msitu eneo lisilopungua hekta 0.5, lenye miti inayoweza kufikia mita 2, na matawi yanayofunika angalau asilimia 15 ya ardhi. Tanzania hutumia hekta 0.5, mita 3 na asilimia 10. Uganda hutumia hekta 1, mita 4 na asilimia 30.

Chukua mfano wa hekta moja ya mikandaa iliyodumaa kwa chumvi, isiyoweza kuzidi mita 2.5. Ikiwa upande wa Vanga, huhesabiwa kuwa msitu. Ikivuka mpaka hadi Tanzania, haihesabiwi, ingawa miti ni ile ile.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Desemba 2022, mataifa yalikubaliana mjini Montreal, Kanada, kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 30 ya maeneo ya asili yaliyoharibika yawe yanarejeshwa. Bila kipimo cha pamoja, haiwezekani kujua nani ametimiza ahadi. Kuna pia suala la mapato: kule Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja huuza hewa ya kaboni, na fedha hizo zimesaidia maji na shule. Mnunuzi wa ng'ambo hulipa akiamini hesabu inaweza kukaguliwa.

Mambo manne ya kuzingatia

1. Kimo cha kupimia. Pima mzingo wa shina mita 1.3 kutoka ardhini. Kwa mkoko wenye mizizi inayoning'inia, pima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Gawanya mzingo kwa 3.14 upate kipenyo: sentimita 31.4 ni kipenyo cha sentimita 10.

2. Ukubwa wa eneo. Tumia ukubwa ule ule kila mahali, kwa mfano mita 10 kwa 10. Eneo kubwa hunasa aina nyingi zaidi za miti, hivyo idadi ya aina kutoka maeneo yasiyolingana haiwezi kulinganishwa.

3. Jina. Andika mchu, mlilana au muia, kisha jina la kisayansi, kwa kuwa majina ya kienyeji hubadilika pwani hadi pwani. Kenya ina aina 9 za mikoko.

4. Uchaguzi wa mahali. Amueni umbali kati ya maeneo kabla ya kuingia msituni, wala msichague penye miti mizuri pekee. Mvua za El Niño za 1997–98 zilifukia mizizi kwa tope kule Mwache na kuua miti mingi. Visiki na sehemu tupu ni lazima viandikwe pia.

Vikundi vya upanzi vya Likoni, Kisauni na Changamwe vinahimizwa kukubaliana juu ya fomu moja kabla ya kuanza kuhesabu, na kuwahusisha maafisa wa Shirika la Misitu Kenya (KFS).