Kumbukumbu Isiyokumbuka: Istilahi na Utendakazi katika Kipakatalishi Kikuukuu

Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili mjini Machakos anayeandika tasnifu kwa kipakatalishi kilichokwisha kutumiwa na wengine huifahamu adha hii: akifungua sura mbili za tasnifu, kamusi ya kielektroniki na kurasa kadhaa za intaneti kwa pamoja, mashine huzubaa. Akiuliza, huambiwa aongeze memori. Asipojua ni memori ipi, huenda akatumia pesa za karo kununua diski ya nje yenye nafasi kubwa, na mwendo wa mashine usibadilike hata kidogo. Makala haya yanashikilia kwamba kosa hilo ni la kiistilahi kabla ya kuwa la kiufundi, na kwamba istilahi iliyo wazi huongoza kazi yenyewe.

Uzito wa Neno

Katika matumizi ya kawaida, nomino kumbukumbu, yenye uhusiano na kitenzi kumbuka, hubeba dhana ya kudumu. Kumbukumbu za mkutano huandikwa ili yaliyosemwa yasipotee. Siku ya kumbukumbu huadhimishwa ili aliyetangulia asisahaulike. Neno hili lilipoingizwa katika taaluma ya tarakilishi, lilipewa pia sehemu iitwayo RAM, ambayo tabia yake ni kinyume: hupoteza kila kilichomo pindi umeme unapokatika. Kinachodumu kimo katika diski, ambayo yafaa kuitwa hifadhi. Mtaani, memori hutumiwa kwa RAM, kwa diski na hata kwa kadi ya simu. Si ajabu mnunuzi kupotea.

Tofauti hiyo inadhihirika kwa mfano wa mkulima wa Ukambani. Mbaazi alizovuna zimo ghalani. Zile anazozipepeta wakati huo zimo katika ungo. Kupanua ghala hakuharakishi upepetaji. Ungo ukiwa mdogo, sharti mkulima arudi ghalani mara kwa mara. Vivyo hivyo, kumbukumbu ikijaa, tarakilishi huazima sehemu ya diski, nayo diski ni nzito mno kwa mwendo ikilinganishwa na RAM. Aidha, mkono ukiteleza, kilicho katika ungo humwagika. Ndiyo maana aya zisizohifadhiwa hupotea umeme ukikatika na betri ikiwa imechakaa, hata kumbukumbu iwe kubwa kiasi gani.

Hatua za Kuongeza Kumbukumbu

Kwanza, ithibitishwe kwamba upungufu ni wa kumbukumbu. Programu endeshi huonyesha kiasi kinachotumika. Kikikaribia ukomo kila mara kazi inapopamba moto, basi ungo ni mdogo. Kisicho hivyo, dawa itafutwe kwingine.

Pili, kizazi cha kumbukumbu kitambuliwe. DDR2 ilitokea mwaka 2003, DDR3 mwaka 2007 na DDR4 mwaka 2014. Vibao vya vipakatalishi vya vizazi hivyo vina pini 200, 204 na 260 mtawalia, na hutumia volti 1.8, 1.5 na 1.2. Kipo pia DDR3L cha volti 1.35. Kibao cha kizazi kimoja hakitoshei tundu la kizazi kingine, kwa hivyo ni salama kumpelekea muuzaji kibao cha zamani kama kielelezo.

Tatu, ukomo wa mashine uchunguzwe. Programu endeshi ya biti 32 ya matumizi ya kawaida hainufaiki na zaidi ya gigabaiti 4. Isitoshe, baadhi ya vipakatalishi vyembamba vina kumbukumbu iliyolehemewa katika bodi, wala haiongezeki.

Nne, kabla ya kugusa parafujo yoyote, tasnifu inakiliwe mahali pengine. Kisha mashine izimwe kabisa, waya wa umeme uchomolewe, betri iondolewe ikiwa inatoka, na kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde kadhaa. Mhusika aguse chuma ili umeme tuli umtoke mwilini, hasa katika miezi mikavu ya Machakos. Baada ya kifuniko kufunguliwa, vishikizo viwili vya pembeni hutanuliwa, na kibao huinuka chenyewe. Kibao kipya huingizwa kikiwa kimeinama, mkato wake ukilingana na ule wa tundu, kisha hulazwa hadi vishikizo vitoe mlio. Mashine ikiwashwa, kiasi kipya kisomwe. Kisipoonekana, mara nyingi kibao hakikukaa sawasawa.

Hitimisho

Istilahi za tarakilishi si pambo la kamusi. Mwaka 2004, mradi uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na watumiaji wakakutana na istilahi za Kiswahili katika skrini zao wakiwa kazini. Istilahi hupimwa hapo, kwa mtumiaji. Kwa msingi huo, inapendekezwa RAM iitwe kumbukumbu tendaji, na diski iitwe hifadhi, ili neno kumbukumbu lisibebeshwe dhana mbili zinazopingana. Mwanafunzi atakayesema "kumbukumbu tendaji imejaa, hifadhi ina nafasi" atakuwa amemweleza fundi nusu ya ugonjwa, na karo yake haitakwenda bure.