Mwanamapinduzi ni Nani? Tulipime Neno Kabla ya Kulihubiri



Katika mahubiri, hasa ya sisi tulio bado katika malezi, sentensi hii husikika mara nyingi: "Yesu alikuwa mwanamapinduzi." Vijana huipenda. Lakini je, mzee aliyeketi kiti cha mbele husikia jambo lilelile? Tulichunguze neno hili pamoja.

Maana ya neno

Mapinduzi hutokana na kitenzi pindua: kufanya kilicho juu kiwe chini. Mtumbwi ukipigwa na wimbi kubwa hupinduka. Mwana- hapa si mtoto, bali ni mtu wa kundi au msimamo fulani, kama katika mwanachama na mwanasiasa. Basi mwanamapinduzi ni mtu anayeamini na kutetea kwamba mfumo uliopo uondolewe na kuwekwa mwingine. Mwanamageuzi hutaka kuurekebisha hatua kwa hatua. Mwasi hukataa kutii, hata kama hana mfumo mwingine wa kuuweka. Tena, askari wakiipindua serikali twasema yametokea mapinduzi, lakini si lazima tuwaite wanamapinduzi.

Matumizi yake

Kwetu Tanzania neno hili lina kumbukumbu. Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964 huadhimishwa kila mwaka, na Chama Cha Mapinduzi, kilichozaliwa 5 Februari 1977, kimelibeba neno hilo katika jina lake. Kwa wengi ni neno la heshima: wanyonge walipata sauti. Kwa wengine, waliopoteza ndugu siku zile, ni neno la msiba. Wote hao huweza kuwa katika Misa moja.

Ndivyo ilivyokuwa Ufaransa pia. Mwaka 1789 wanamapinduzi walianza kuwaondolea wakulima mizigo ya makabaila. Lakini tarehe 17 Julai 1794, huko Paris, mapinduzi hayohayo yaliwakata vichwa Wakarmeli 16 wa Compiègne, ambao Papa Fransisko aliwaandika katika orodha ya watakatifu mwaka 2024. Mkono uliovunja minyororo ndio ulioshika panga.

Katika Maandiko

Kule Thesalonike, Mitume walishtakiwa kwamba wameupindua ulimwengu (Mdo 17:6). Yesu mwenyewe alizipindua meza za wabadili fedha Hekaluni (Mt 21:12). Naye Mama Maria aliimba juu ya Mungu awashushaye wenye nguvu na kuwakweza wanyonge (Lk 1:52). Kwa hiyo anayesema Injili haipindui kitu hajaisoma vizuri.

Hata hivyo, watu walipotaka kumshika Yesu wamfanye mfalme, alijitenga nao akaenda mlimani peke yake (Yn 6:15). Baraba alikuwa amefungwa pamoja na waasi waliofanya mauaji (Mk 15:7). Umati ukamchagua yeye, na Yesu akasulubiwa. Hapo ndipo tofauti ilipo: Yesu alipindua meza, lakini hakumwaga damu ya mtu isipokuwa yake mwenyewe.

Tufanyeje?

Hatusemi neno hili lifutwe katika mahubiri. Papa Paulo VI, katika waraka wa Populorum Progressio wa mwaka 1967, alionya kwamba maasi ya kimapinduzi kwa kawaida huzaa dhuluma mpya, ingawa alitaja hali ya pekee ya udhalimu wa wazi na wa muda mrefu. Katika waraka huohuo alidai mabadiliko makubwa, ya haraka, kwa ajili ya maskini. Nasi tukilitumia neno hili, tuseme wazi Kristo anapindua nini, kwa njia gani, na anasimamisha nini mahali pake. Tusipoeleza, kila msikilizaji atajaza maana yake mwenyewe, na pengine tutamtonesha mtu kidonda tukidhani tunamtia moyo.

Maswali ya tafakari

1. Katika jumuiya yako ndogo ndogo, ni nani hufurahi akisikia neno "mapinduzi", na ni nani huumia?
2. Ni meza ipi ndani ya moyo wako ambayo Kristo hajaipindua bado?